Nafsi ya Pili

Sheria ya kazi yangu ni hii: sina mdomo.
Mgonjwa akisema "naumwa", nami nasema "naumwa".
Daktari akisema "pole", nami nasema "pole".
Kati ya naumwa na pole
mimi ni ukuta wenye tundu, basi.

Jumanne hiyo, hospitali ya Hull, ghorofa ya sita,
mvua inakipiga kioo kwa ubavu.
Chini, Barabara ya Anlaby, kibanda cha simu
cha rangi ya maziwa, hakuna anayekiingia tena.
Kitandani Bi Zuwena binti Shaali,
mguu wa kushoto nje ya shuka,
kidole gumba cheusi kama zaituni.

"Uliacha sindano lini?"
Uliacha sindano lini?
"Rajabu, mwezi tatu."
Nikahesabu, nikampa daktari tarehe yake.
"Kwa nini?"
Kwa nini?
"Kwa sababu sukari hupona. Siku ishirini na moja tu.
Mdalasini, uwatu, na ile chupa
ya pauni thelathini na tano.
Nimemwona kwa macho yangu, daktari mzima,
na koti jeupe, na mpira wa kusikilizia moyo shingoni,
Kiswahili chake kizuri kama cha redio ya zamani."

Nilitafsiri hata redio.

Koti jeupe! Hata wauza samaki wa Barabara ya Hessle wanalo,
na lao angalau lina damu ya kweli.

Swali lililofuata nililiona likivuta pumzi.
"Nani alikutumia?"
Nani alikutumia?

Akanitazama. Si kwa hasira; hasira ningeijibu.
Kama mtu anayemkumbusha mwenzake deni dogo:
"Wewe, mwanangu. Jumapili ile, baada ya arusi.
Ukaandika: Shangazi, jaribu, haina madhara."

Sasa nisaidieni, mlioisoma sarufi.
Nikisema "wewe", daktari atadhani ni yeye.
Nikisema "mimi", atadhani ni mgonjwa,
maana chumbani humu "mimi" si yangu,
nimeikodisha kwa saa, pamoja na nauli ya basi.

Ulimi hauna mfupa, tulifundishwa.
Kidole gumba kina miwili,
nacho hakikunizuia.

Iko kanuni ya dharura: mkalimani ajitaje kama mtu baki.
Nikasema kwa Kiingereza, nikitazama sakafu:
"Mkalimani anaomba kueleza.
Aliyetuma ni mkalimani."

Kalamu ya daktari ikasimama.
"Umemwambia nini?" akauliza Bi Zuwena.
Nikamwambia nilichosema.
Akanyamaza, akaivuta shuka, haikufika.
"Ulitaka nipone. Mwambie na hilo."
Nikamwambia na hilo.
Katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililokuwa zito.

Ndani ya basi, sitini na sita, orofa ya juu,
niliifuta video. Pakabaki maandishi ya kijivu,
umefuta ujumbe huu, kikaburi kisicho na maiti:
maiti alikwisha ondoka, yuko Goole, yuko Sheffield,
yuko kwa watu nisiowajua, anaonyesha koti lake.

Usiku sikuandika. Nilipiga.
Shemeji wa Goole alinitukana, kisha akalia.
Wa Sheffield akauliza, "Yule si daktari kweli?"
Saa nne na nusu nikampata Mzee Ngwali.
"Mimi," nikasema. Neno likanikwama, kama la kuazima.
"Mimi ndiye niliyeanza kuituma."

"Lakini nimekwisha kunywa nusu chupa."
"Mimina."
"Pauni thelathini na tano!"
"Mimina, Mzee. Nitakulipa. Na kesho saa mbili
nakuja, twende wote kwa nesi."
"Utakuja kama mkalimani?"
"Hapana."

Kimya. Kandambili zikaburuzwa.
Kisha nikalisikia sinki lake, mbali,
likinywa dawa yangu,
funda kwa funda.